Tonge la Wali kwa Ishengoma

Miembeni, Bukoba
Jumamosi jioni

Nyakato,

Nimeliandika jina hilo kisha nikaweka kalamu chini, nikaenda dirishani, nikarudi. Najua na wewe utalitazama mara mbili. Tangu ulipokuwa darasa la tatu mimi nakuita Edita, na kila aliyeingia nyumba hii nimemlazimisha akuite Edita, na wewe umeitika bila kuuliza. Sababu unaijua ingawa hatujawahi kuisema. Kwetu Nyakato ni pacha wa pili. Hakuna msichana anayezaliwa peke yake akaitwa Nyakato, kwa hiyo kila anayekutaja hivyo anasema kuna aliyekutangulia. Mimi sikutaka kukumbushwa kila ninapokuita uje kula. Mimi, niliyewahi kuandika gazetini kwamba jina la ubatizo ni koti la kuazima, nilikimbilia jina la ubatizo na kujificha ndani yake.

Baba yako amekupeleka Muleba kumuaga bibi yako, na nyumba imebaki kimya. Mambo ya sweta, ya dawa za tumbo, ya maji ya bomba na ya simu, baba yako ameshakuambia na atakuambia tena kesho mpaka mlango wa ndege ufungwe. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikimbia wiki nzima. Jumapili uliniomba ruhusa, na badala ya kukujibu nilikukejeli.

Ngoja nilirudie lilivyokuwa, ili usidhani nimelisahau au nimelipunguza. Tulikuwa mezani. Ulisema kwamba huko Gujarati, India, kwa familia ya Bibi Kamla ambako utafikia kabla ya chuo kufunguliwa, kuna majuma mawili kila mwaka ya kuwakumbuka wafu. Watu wanakwenda mtoni, wanafinyanga matonge ya wali na ufuta, wanataja jina la marehemu na kumwekea. Ukasema Hansa, binti yake Bibi Kamla, amekuambia kuwa ukipenda watamwekea na kaka yako Ishengoma, kwa sababu mama yake alipokuwa hai alikuwa akimtaja kila mwaka, kimyakimya, nyuma ya duka lake hapa mjini. Kisha ukasema, "Mama, sitafanya bila ruhusa yako. Ni mwanao."

Nami nikasema, "Wali? Ishengoma alikuwa hali wali. Mtamlisha mtoto chakula alichokuwa anakitema?"

Baba yako aliacha kula. Wewe hukupandisha sauti. Ulisema, "Mama, hivi umewahi kumshinda mtu, kisha ukabaki naye?" Ukachukua sahani yako ukaenda kuiosha. Tangu siku hiyo umekuwa ukiongea na mimi kama mgeni aliyelelewa vizuri. Shikamoo mama. Ndiyo mama. Asante mama. Ningefurahi zaidi ungenitukana.

Kwa hiyo ninajibu. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana bila njia yake litakuwa uongo.

Unajua nilikotoka. Nilisoma Kashozi, kwa masista, na nikiwa msichana mdogo niliuliza roho ya mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa inakwenda wapi. Sista akaniambia kuna maswali ambayo shetani ndiye anayeyaleta. Nilitoka darasani nimekasirika, na nadhani sijawahi kupoa. Nikasoma kila kitabu nilichokipata, nikawa mwalimu wa kemia, nikaanza kuandika magazetini. Niliwaandama waganga wanaotabiri kwa kioo, nikawaandama wahubiri wanaouza mafuta ya upako, na watu walipozoea hayo nikaenda kwenye mzizi wenyewe. Nikasema hakuna mkaaji ndani ya mtu. Mtu ni nyumba yote, kuta na paa na moshi wa jikoni, na nyumba ikianguka hakuna mpangaji anayetoka na begi.

Mtu pekee mjini hapa aliyeweza kunijibu bila kunilaani alikuwa Bibi Kamla. Unamkumbuka akiwa mzee tayari, amekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta. Mimi nilimjua akiwa bado na nguvu za kubeba jora zima la kitambaa begani. Alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa cha haraka kuliko changu. Siku ya kwanza niliingia kununua kitambaa cha sketi, nikaona picha ya mungu wake juu ya mlango, nikashindwa kunyamaza.

"Bibi Kamla, huyu anakusaidia nini?"

"Ananisaidia kuvumilia wateja wanaouliza wasichonunua," akasema, huku anapima. "Mwalimu, nipe mkono wako. Huu mkono ni wewe?"

"Ni mkono wangu."

"Umesema wako. Hukusema ni wewe. Ukikatwa, utabaki. Ukipofuka, utabaki. Hata mawazo yako si wewe, kwa maana unayaona yakija na kuondoka. Anayeyaona ni nani?"

"Ni ubongo."

"Ubongo wa nani?"

Wanawake waliokuwa dukani wakacheka, nami nikaona nimepata mtu. Akanieleza anachokiamini, na alikieleza vizuri, sitamwibia hilo. Kwamba ndani ya kila kilicho hai kuna kitu kinachoitwa atma. Hakikuzaliwa na hakitakufa, hakikatwi wala hakiungui. Kinavaa mwili kama mtu anavyovaa nguo, na nguo ikichakaa kinaiacha na kuvaa nyingine, kulingana na matendo yake, maisha baada ya maisha, mpaka siku kitakapochoshwa na kuzunguka huko kiwe huru.

"Wewe unauza vitambaa," nikamwambia. "Ndiyo maana unaona kila mtu ni mteja anayebadili gauni. Ungekuwa unauza sufuria, tungeambiwa roho ni mchuzi."

"Haya, Mwalimu. Wewe usiyeuza kitu, tuambie mtu ni nini."

Nikamwambia mtu ni rubisi. Juisi ya ndizi hailevyi, unampa mtoto anakunywa. Mtama haulevyi. Vichanganye ndani ya ule mtumbwi wa kukamulia, funika kwa majani ya migomba, subiri mpaka kesho yake, na mwanamume mzima atalala shambani. Ulevi ule ulitoka wapi? Ulikuwa umekaa nje unasubiri kuingia? Na rubisi ikichacha, ulevi unahamia mtumbwi gani? Hauhamii popote. Umekwisha. Nikamwambia tena kwamba hoja hiyo si ya kwangu, ni ya kwao. Walikuwapo Wahindi wa kale sana waliosema hakuna atma wala maisha mengine, na walitoa mfano wa pombe kama huu wangu, walichobadilisha ni pombe tu. Na walikuwapo wengine, hao wa Buda, waliosema ukimpekua mtu utakuta kumbukumbu na hamu na hofu zinafuatana, lakini hutamkuta mwenyewe.

"Hao nawajua," akasema. "Kila ukoo una walevi wake. Lakini Mwalimu, rubisi ikichacha si inakuwa siki?"

"Inakuwa siki."

"Na wewe ndiye mwalimu wa kemia. Kwa hiyo haikwisha. Imebadilika."

"Siki hailevyi!"

"Basi imesahau tu," akasema Bibi Kamla, akakata kitambaa changu.

Nilitoka pale nikitembea barabarani na kucheka peke yangu. Kwa miaka mingi hatukuacha. Nilikuwa nasoma usiku ili niende kumshinda asubuhi, na nilipenda jambo moja kwao ambalo kwetu sikulipata: kwamba watu wao walibishana juu ya roho hadharani, kizazi kwa kizazi, aliyekubali na aliyekataa wote wakihesabiwa kuwa wenye akili. Wewe na kaka yako mlikuwa mkikaa sakafuni mkicheza na vipande vilivyobaki. Ishengoma alikuwa akipenda vile vya kung'aa. Unakumbuka alivyojifunga kilemba akasema yeye ndiye bwana arusi na wewe ndiye gari?

Kisha ikaja malaria ile iliyompanda kichwani. Sitaiandika. Ulikuwapo.

Nitaandika kuhusu Muleba, siku ya mazishi, kwa sababu hiyo hatujawahi kuigusa. Tulikuwa tumemlaza shambani, kati ya migomba, kando ya babu yako. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye majani. Bibi yako alikuita, akakuweka mapajani ingawa ulikuwa umeshakua, akakuambia, "Kakako hakufa, mjukuu wangu. Pacha hafi. Ameruka." Bibi yako ni Mlutheri wa kwaya, na neno hilo halimo katika kitabu chake cha nyimbo. Lakini ndilo alilorithi kwa mama yake: mtu wa kawaida hufa, pacha huruka, na ni mwiko kusema vinginevyo mbele ya pacha aliyebaki.

Nilikuwa nimesikia mchana kutwa kwamba Mungu amempenda zaidi. Nilikuwa nimesikia, maana hawakuficha sauti, kwamba ni adhabu ya makala zangu. Na sasa ameruka. Niliinuka, nikakutoa kwenye mapaja ya bibi yako, nikakushika mabega mbele ya watu wote. Nikasema, "Hakuruka. Yeye si ndege. Amekufa. Sema, amekufa."

Ukasema, "Amekufa."

Bibi yako akaniambia, "Mukamwana, mkwe wangu, na huyu unataka tumzike leo leo?"

Nilidhani nakuokoa. Nilidhani ukidanganywa siku hiyo utadanganywa maisha yako yote, na kwamba neno la kweli, hata likikata, linapona haraka. Nyakato, uliyeshikwa mabega ulikuwa mtoto wa darasa la tatu. Hukuwa ukiniuliza habari za atma. Ulikuwa umekaa mahali pa joto, na mimi nikakutoa.

Bibi Kamla alifika Muleba siku iliyofuata. Alikuja amevaa nyeupe, amepewa lifti na lori la mchanga, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimwona akishuka nikajiandaa. Nilijua atasema nguo, atasema kuvua na kuvaa, na nilikuwa na maneno tayari ambayo yangemfukuza arudi mjini kwa miguu. Hakusema. Aliketi kwenye majani pamoja na wanawake wengine akalia kwa sauti, Kihindi na Kihaya vimechanganyika, mpaka watu wakageuka kumtazama. Alilia hivyo siku hiyo na siku ya pili. Mwisho nikashindwa. Mimi ndiye niliyeanza.

"Si unasema hafi? Mbona unalia?"

Akajifuta uso kwa ncha ya nguo yake. "Mwalimu, atma yake sikuwahi kuiona. Niliyemwona ni mtoto aliyekuwa akiniibia pipi kwenye kaunta, akidhani sioni. Huyo ndiye ninayemlilia. Huyo harudi."

"Basi leo tumekubaliana."

"Hatujakubaliana," akasema. "Tunalia pamoja tu. Sogea nikae."

Ningejua kusikia, ningesikia hapo. Lakini mimi nilirudi mjini na hasira zangu, na nilichofanya na hasira ndicho nilichozoea kufanya. Niliandika. Wewe ulikuwa ukitoka shule unapitia dukani kwa Bibi Kamla, na mimi nilifurahi, nikidhani umepata mahali pa kufanyia kazi za shule. Mlichokuwa mkizungumza nilikijua baadaye sana, mwaka jana, alipokuwa kitandani na mimi nampelekea uji. Alinisimulia yote kwa sababu alijua anakwenda.

Alisema ulimuuliza Ishengoma atazaliwa wapi, akakujibu hajui. Ukamuuliza kama atakuwa mtu, akasema anatumaini. Ukamuuliza, "Akizaliwa atanijua?" Na Bibi Kamla, ambaye angeweza kukudanganya kwa urahisi na wewe ungemshukuru, akakuambia hapana. Wanaorudi hawakumbuki. Hapo, alisema, ukamwambia, "Basi mimi nitamjua."

Aliponiambia hivyo nililazimika kuweka kikombe chini. Kwa sababu nilikukumbuka sokoni. Kipindi kile chote ulikuwa ukiachia mkono wangu na kwenda kuchungulia watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Ulikuwa ukizunguka nyuma, ukifunua ncha ya kanga, ukitazama uso kwa muda mrefu, kisha ukirudi kwangu. Akina mama walikuwa wakicheka. "Mwalimu, binti yako anapenda watoto, atakuzalia wengi." Nami nilicheka nao. Miaka yote hiyo ulikuwa unamtafuta kaka yako mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikipunguza bei ya nyanya.

Kisha ukaacha kuwachungulia, na leo najua ni nini kilichokuachisha. Ulikuwa kidato cha pili. Niliandika makala ndefu juu ya kuzaliwa upya, na nilidhani ni kazi yangu bora. Hoja yake ilikuwa hii: tuseme kuna kitu kinachobaki. Kama kitu hicho hakikumbuki jina lake, hakikumbuki dada yake, hakiogopi radi kama alivyoogopa na hakicheki alivyocheka, basi kitu hicho si yeye. Mnaweza kukiita atma mkipenda, lakini yule mliyempenda hayumo ndani yake. Mfariji wenu amewarudishia chupa tupu. Watu walinipigia simu kunipongeza. Gazeti lilikaa mezani sebuleni wiki nzima, limefunguliwa ukurasa huohuo, kwa sababu nilijivuna. Ulilisoma.

Nilikuwa nawalenga makasisi na mapandit, makuhani wa Kihindu, na wote wanaofariji watu kwa bei nafuu. Hakuna hata mmoja wao aliyeguswa. Hoja ile ilipita juu ya vichwa vyao vyote ikampata msichana mmoja aliyekuwa akifunua kanga sokoni.

Nataka nikuambie jambo ambalo litakuwa gumu kwako, ila nikilificha barua hii haitakuwa na maana. Bado naiona hoja ile ni sahihi. Nimeijaribu kila upande, na wiki hii nimeijaribu tena nikitamani ivunjike. Haivunjiki. Sijaongoka, Nyakato. Mtu akikuambia mama yako amelainika uzeeni, mkatalie. Nilichogundua ni kwamba mtu anaweza kuwa na hoja nzima mkononi na bado awe amekosea mahali pa kuiweka.

Bibi Kamla alipofariki, mkwewe alikuja kutoka Mwanza kuwasha moto. Sisi wa kuzika hatujazoea. Nilisimama na wewe kwa mbali, tukisikia kuni zikipasuka, na kesho yake majivu yakapelekwa ziwani. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na msalaba wala mgomba wa kuonyesha alipo. Nilidhani kwa mtu kama mimi hiyo itakuwa rahisi: moto, majivu, maji, kemia tupu. Siku chache baadaye nilikuwa nikipita mbele ya duka lake, mlango umefungwa kwa kufuli, na nilikuwa nimetoka kusoma jambo fulani kuhusu usingizi, kwamba mtu aliyelala bila ndoto hajui kama yupo, na bado akiamka anasema nimelala vizuri. Nikaanza kumwambia. Nilisema kwa sauti, barabarani, "Sasa Bibi Kamla, hapo utajibu nini?" Mwenye duka la viatu jirani akanijibu kwa adabu, "Waitu Mwalimu, hayupo huyo."

Nilikuwa nikimsubiri anijibu. Na mbaya zaidi, nilijua angejibu nini, nikatabasamu.

Nani alikuwa akinijibu? Nina maelezo: ni mazoea ya ubongo, sauti iliyojichora kwa miaka mingi ya kusikika. Naamini maelezo hayo. Hayanitoshi. Lakini kutonitosha kwake si ushahidi kwamba maelezo mengine ni ya kweli, na hapo ndipo nilipo sasa, kati ya jibu ninaloliamini na mahali linapofika ukomo. Kwa Kiswahili tunasema roho inaniuma, fulani ana roho mbaya, mgonjwa amekata roho, na hakuna anayejua kama roho hizo tatu ni kitu kimoja. Mimi yangu inaniuma. Sihitaji kujua imetengenezwa na nini ili iniume.

Huko uendako utakutana na kila namna. Wako watakaokuambia atma ni moja tu kwa wote, kama maji ya ziwa moja, na wako watakaosema kila mtu na yake, na wako vijana wenzako wasioamini lolote na wanaogopa mama zao wasijue. Wasikilize. Usikubali jambo kwa sababu umechoka kulia, na usilikatae kwa sababu tu mama yako angelikataa. Mahali pamoja tu nitakuomba uwe mkali kama mimi. Mtu akikuambia kaka yako alikufa mdogo kwa sababu ya makosa aliyoyafanya maisha yaliyopita, au kwamba maskini amelala barabarani kwa kuwa amestahili, usimwonee haya hata kama ni mzee, hata kama amekulisha. Hapo gombana. Watu wa Muleba walitaka kunibebesha kifo kile, na watu wa huko wasije wakambebesha mtoto mwenyewe. Bibi Kamla hakuwahi kusema hivyo. Nilimuuliza siku moja, kwa ubaya, nikitaka nimnase. Akasema, "Mwalimu, hesabu ya matendo siijui. Mimi nahesabu mita tu."

Nimemkumbuka akisema hivyo nikacheka hapa peke yangu, kisha nikalia. Baba yako akirudi ataona macho yangu na hatauliza.

Uliniuliza kama nimewahi kumshinda mtu kisha nikabaki naye. Nimehesabu. Nilimshinda Sista, nikaondoka Kashozi nisirudi. Nilimshinda bibi yako, na tangu siku ile ananipokea kwa heshima na kahawa, na hajawahi kuniambia tena jambo lolote la moyoni. Nilikushinda wewe ukiwa na umri ambao hata hukujua kwamba tunashindana. Niliyebaki naye ni mmoja, na ni kwa sababu hakukubali kushindwa, akasema sogea nikae. Sitaki kukushinda tena. Sitaki uende huko ukanipigie simu kila Jumapili na kuniambia shikamoo mama, mzima mama, chuo kinaendelea vizuri mama, mpaka mmoja wetu afe.

Sasa ruhusa uliyoiomba. Ulisema ni mwanangu. Ni kweli, lakini mlikaa pamoja tumboni kabla mimi sijaiona sura ya yeyote kati yenu, na ulimjua kwanza. Ruhusa hiyo sina haki ya kukunyima. Nenda mtoni. Finyanga tonge, weka ufuta, fanya kama Hansa atakavyokuonyesha, na ulifanye kwa moyo wako wote, usilifanye nusunusu kwa kunifikiria mimi. Taja jina lake lote, na la ukoo wake, na majina ya baba yake na babu yake. Ukitaka kulia, lia kwa Kihaya, hakuna atakayekushangaa.

Mimi sitajifanya ninaamini kwamba yuko wa kulipokea. Nikifanya hivyo utanitambua mara moja, na yeye pia angenitambua, kwa maana hakuna aliyekuwa hodari wa kunikamata nikisema uongo kama yule mtoto. Lakini najua watakuuliza, kwa sababu watu wa heshima huuliza, kama marehemu ana mama, na mama anasemaje. Waambie mama yupo, yuko Bukoba. Waambie haamini. Kisha, kabla hujaliachia tonge, mwambie Ishengoma kwamba mama anamsalimu sana.

Mama yako